Kifua Kikibana, Saa Haingoji



Jioni za Mama Ngina twazijua sote. Baada ya Alasiri familia hutandika mikeka chini ya mibuyu, watoto hukimbilia madafu na mihogo, na wazee hutazama meli zikiingia Kilindini. Ni katika vikao kama hivi mtu mzima hushika kifua, akatokwa na jasho la baridi, kisha akasema, "Ni gesi tu, itapita." Hupewa chai ya tangawizi, akasuguliwa mgongo, akarudishwa nyumbani kulala. Wiki hii twataka kuzungumza juu ya muda unaopotea baina ya kauli hiyo na mlango wa hospitali, kwani ndani ya muda huo twaweza kumpoteza mzazi.

Moyo una mishipa yake yenyewe inayoulisha damu. Kwa miaka mingi mafuta hujijenga katika kuta za mishipa hiyo. Siku moja tabaka hilo hupasuka, damu huganda juu yake, na njia huziba. Huo ndio mshtuko wa moyo. Nyama ya moyo iliyokatiwa damu huanza kufa, na ikishakufa hairudi, hubaki kovu. Basi lengo la madaktari ni moja: kuufungua mshipa mapema iwezekanavyo.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ambayo hutiwa mshipani. Ya pili ni kuuzibua mshipa wenyewe. Daktari huingiza mrija mwembamba kwenye kifundo cha mkono au kwenye kinena, akauongoza kwa picha za eksirei mpaka moyoni. Hapo puto dogo hujazwa, njia ikapanuka, na mara nyingi huachwa kijibomba cha wavu wa madini kiitwacho stenti, ili mshipa usijifunge tena. Kifua hakipasuliwi. Kwa kawaida mgonjwa huwa macho, ametiwa ganzi pale tu mrija unapoingia. Daktari Andreas Grüntzig ndiye aliyeanza kupanua mishipa ya moyo kwa puto, mjini Zürich, mwezi wa Septemba 1977. Mgonjwa wake alikuwa na umri wa miaka 38.

Je, matokeo ni yapi? Mwaka 2003 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi wa majaribio 23 yaliyohusisha wagonjwa 7,739. Katika wiki za mwanzo, kati ya kila 100 waliopewa dawa ya kuyeyusha, 9 walifariki. Kati ya 100 waliozibuliwa, walifariki 7. Waliopatwa na mshtuko wa pili walikuwa 7 kwa 3, na waliopatwa na kiharusi 2 kwa 1. Kuzibua ni bora, lakini kuna sharti la muda. Mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya wasema kuzibua kufanyike ndani ya dakika 120 tangu ugonjwa utambulike kwa kipimo cha umeme wa moyo. Ikiwa haiwezekani, dawa itolewe upesi, kisha mgonjwa apelekwe panapozibuliwa. Nairobi iko takriban kilomita 480 kutoka hapa. Kwa hivyo, mgonjwa wetu aanzie hospitali ya karibu yenye kipimo hicho, na madaktari waamue safari baadaye.

Akina mama, neno hili latuhusu zaidi. Mwanamke naye huumwa kifua, lakini mara nyingi pamoja na maumivu hayo, au badala yake, huona kichefuchefu, pumzi fupi, uchovu usio wa kawaida, au maumivu ya taya na mgongo. Mwenye kisukari huenda asisikie maumivu makali hata kidogo. Nasi hungoja: chakula kiive kwanza, watoto warudi madrasa, mume apige simu kutoka Ghuba atoe shauri. Simu na ipigwe tukiwa njiani.

Wako wasemao kwamba kukimbilia hospitali ni upungufu wa tawakkul. Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kwamba Mtume (SAW) alimzuru Saad (RA) alipokuwa mgonjwa, akaweka mkono kifuani pake, akamwambia kuwa ana maradhi ya moyo, na akamwelekeza kwa al-Harith bin Kalada, aliyekuwa tabibu. Tiba haipingani na tegemeo letu kwa Mola.

Basi tukiona dalili hizi, tumkalishe mgonjwa. Asitembee wala asijiendeshee gari. Kama hana mzio wa aspirini, wala vidonda vinavyotoka damu, na daktari hajamkataza, atafune kidonge cha miligramu 300. Vichochoro vya Mji wa Kale havipiti gari. Vijana wambebe kwa kiti mpaka barabarani. Asiwepo wa kuogopa kuzuiliwa mlangoni kwa kukosa pesa: Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 chasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Na wiki hii, kabla ya shida kufika, kila nyumba iulize ni hospitali gani ya karibu ipimayo na kutibu moyo usiku na mchana, na nambari ya gari la wagonjwa ibandikwe ukutani.

Aliyewekwa stenti hajamaliza safari. Dawa mbili za kuzuia damu kuganda huendelea mara nyingi kwa muda wa mwaka mmoja, na kuziacha bila ruhusa kwaweza kuziba stenti yenyewe. Ramadhani ikikaribia, amwone daktari wake kwanza, kisha amuulize sheikh. Mgonjwa amepewa ruhusa na Mola wake ya kufungua. Asione haya kuitumia.

Twamuomba Allah awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotangulia, na atupe wepesi wa kuondoka mapema. Amin.