Gari la Mtumba na Mshahara Wetu

Ndugu wafanya kazi,

Sisi wa reli twajua vema mahali reli inapoishia. Upande huu wa mlima inaishia Nanyuki, wala haikufika Meru. Mtu wa Embu akitaka kuiona njia ya treni hushuka mpaka Sagana. Basi kutoka Embu, Runyenjes, Chuka, hata Meru na Maua, safari yote ni ya gari. Kwa hiyo mfanya kazi wa huku akitaka gari, asiambiwe kwamba anataka anasa. Anataka kumfikisha mgonjwa hospitali usiku, na ndizi sokoni kabla hazijaoza. Tazameni zile Toyota Probox: hazikupendwa kwa uzuri, zilipendwa kwa kuvumilia kazi.

Tangu soko lilipofunguliwa miaka ya 1990, magari yaliyotumika huja Mombasa kwa wingi kutoka Japani. Sheria hukataa lililozidi miaka 8. Lakini mbona hata la mtumba latushinda bei? Tufanye hesabu.

Chukua gari la injini isiyozidi 1500, ambalo KRA imelithamini kwa shilingi 100. Kwa viwango vya mwaka 2025, ushuru wa forodha ni asilimia 35. Sasa ni 135. Juu yake ushuru wa bidhaa asilimia 20. Sasa ni 162. Juu yake tena VAT asilimia 16, yakaribia 188. Kisha kuna ada ya kuingiza bidhaa, asilimia 2.5 ya ile mia, na ada ya maendeleo ya reli, asilimia 2. Zimepita 192. Naam, ndugu, mnunuzi wa Meru huilipia reli ambayo haijafika kwake!

Asiyeweza bei hiyo hununua gari lililokwisha kupita mikono mitatu au minne hapa nchini. Hapo ndipo penye mtego. Mwenzetu mmoja alichukua mkopo wa SACCO akanunua gari kwa maneno matamu, asichunguze kitabu chake. Mwezi wa pili wenye deni wakaja wakalichukua, kwa kuwa muuzaji alikuwa ameliweka rehani. Leo mwenzetu huenda kazini kwa miguu, na mshahara wake bado wakatwa.

Basi twasema mambo matatu.

Kwanza, usitoe pesa kabla ya kutafuta habari za gari hilo katika NTSA, ujue mwenyewe ni nani na kama lina deni. Nenda na fundi wako, si fundi wa muuzaji. Saa ya maili hurudishwa nyuma. Usiiamini peke yake.

Pili, tusinunue mmoja mmoja gizani. Wanachama wa tawi wakikusanya akiba pamoja, waweza kumlipa fundi mmoja mwaminifu akague magari yao yote.

Tatu, kodi ya magari madogo ipunguzwe. Wengine watasema Serikali yahitaji fedha. Ni kweli, barabara hazijengwi kwa maombi. Lakini mzigo hupimwa kwa bega la mbebaji. Kama kodi haipunguzwi, basi ada ya reli na ituletee reli.

Jambo hili liletwe katika mkutano wa tawi. Njoni wote, mseme.

Umoja ni nguvu.

Mhariri