Kabla uchome ganji kwa kadi ya grafiki, pindua hiyo CPU kwanza

Kama uko na saiba pale Mbumbuni, ama unapiga kazi za onlain ukiwa kwa keja, hiyo njaa ya monita mbili naielewa. Upande mmoja iTax ya mteja, upande ule mwingine eCitizen, na hakuna kufungua na kufunga dirisha kila dakika. Lakini fundi akikwambia "leta doo tuweke kadi ya grafiki," tulia kidogo.

Angalia mgongo wa CPU yako. Hizi Dell na HP za ex-UK, nyingi huja na zaidi ya tundu moja la skrini: VGA hapa, DisplayPort pale. Na prosesa za Intel tangu kizazi cha tatu, yaani 2012, grafiki yake ya ndani inaweza kubeba hadi skrini tatu. Kwa hivyo wengi wenu mnahitaji adapta ya DisplayPort kwenda HDMI tu. Fomu za KRA hazitaki mtambo wa gemu, jamani.

Kadi inaingia kwa stori ukitaka skrini nne ama uki-edit video nzito. Hapo pia chunga. Zile CPU nyembamba hukubali kadi fupi peke yake, na sloti ya kadi hutoa wati 75 mwisho, hivyo kadi inayodai waya wake wa stima sahau. GT 1030 itakupa skrini mbili pekee. Quadro P620 inabeba nne kwa wati 40 tu.

Sasa, mbona nakusumbua na hii maneno sai? Kwa sababu bei ya memori imepanda dunia nzima. Makampuni ya AI yanaimeza yote, hadi Micron ikatangaza Desemba 2025 kwamba inaacha kuuzia watu wa kawaida memori za Crucial. Na kila kadi hubeba memori yake. Fundi akilia bei, hapo hadanganyi.

Kitu inaniuma zaidi ni Windows 10. Microsoft iliacha kuishughulikia 14 Oktoba 2025, na nyongeza ya usalama kwa waliojisajili ni ya hadi Oktoba 2026. Windows 11 nayo rasmi inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu. Uko na mashine ya kizazi cha nne, watu wanaingiza PIN na paswadi zao hapo kila siku, alafu wewe unaipambia kadi? Mimi hiyo doo ningeweka kwa mashine ya kizazi cha nane, nichomeke adapta, na skrini ya pili iwe hata TV ya zamani yenye HDMI.

Ukiamua kadi ni lazima, sawa. Kumbuka mara nyingi ikishaingia, matundu ya zamani huzimwa mpaka uyawashe kwa BIOS. Na fundi aiwashe mbele yako, skrini zote zikionyesha picha, kabla hujatuma M-Pesa.