Mkorogo wa nini na alizeti ipo?

Wadau, niko likizo Nduguti. Huku Mkalama alizeti kibao, tunakamua, tunakaangia maandazi, basi! Tukirudi chuo, mabinti (na masela pia, msijifiche) tunanunua mkorogo usio na lebo. Humo hukutwa zebaki, inayozuia ngozi kutengeneza rangi yake na kuharibu figo. Nyie wa kemia mnayajua haya, mnafaulu nayo mitihani, halafu kimya!

Nta ya nyuki kidogo, mafuta ya alizeti mara nne yake, yeyusha, poza: mafuta ya mgando ya ngozi na nywele hayo. Hayana maji, kwa hiyo bakteria hawaoti kirahisi. Ukitaka kuuza, nenda TBS, ndio wanaosimamia vipodozi tangu 2019. Muhula ujao nakuja na dumu. Nani analeta nta?