Watoto wetu watacheza wapi?

Juma lililopita tulikuta bone nne za simenti zimesimikwa kwenye kiwanja ambapo watoto wa kartie yetu hucheza kila jioni. Tuliuliza ni za nani, hakuna aliyetujibu. Kesho yake watoto walihamia kando ya barabara ya makamyo ya mine. Tulipowafukuza pale, mmoja alituuliza: "Mama, sasa twende wapi?" Tulinyamaza.

Tumekaa pamoja, tukaona mambo manne.

La kwanza ni udongo. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo wote wa Congo ni mali ya Serikali. Tena inasema udongo uliowekwa kwa matumizi ya watu wote hauwezi kupewa mtu mmoja, mpaka kwanza uondolewe katika matumizi hayo kwa utaratibu wa sheria. Basi tuanze kadasta, tuulize kiwanja hiki kimeandikwaje. Tukichanga pesa za bembea kabla ya kujua hilo, labda tutakuwa tunamjengea mwenye bone.

La pili ni njia. Kiwanja ambacho mtoto anakifikia kwa kuvuka barabara ya makamyo bado ni hatari. Tulitembea kutoka kwenye masomo, tukaona kuna njia ya miguu nyuma ya maparseli. Inakatwa na mtaro mmoja tu. Daraja dogo pale, na majani kufyekwa, watoto watapita bila kukanyaga lami.

La tatu ni pesa. Tangu Kodi ya Mine ilipobadilishwa mwaka 2018, katika kila faranga 100 za redevansi ambayo kampuni inalipa kwa madini inayouza, 15 ni haki ya komine, sekta au shefferi ambamo mine inachimbwa. Hapa mjini Kolwezi komine zetu ni Dilala na Manika. Tena kampuni inapaswa kutenga angalau 0,3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji. Haki hiyo imeandikwa. Lakini bajeti ya komine hutayarishwa kabla ya mwaka kuanza. Anayekuja kuomba Januari anakuta chungu kimekwisha pakuliwa.

La nne ni mikono yetu. Kufyeka, kupanda miembe ya kivuli wakati wa mvua, kufukia nusu ya matairi ya zamani ili watoto wapande juu: hayo ni kazi ya salongo, hayangoji bourgmestre. Ila tuangalie jambo moja. Mtu akituletea mabaki ya mine kujaza mashimo, hata bure, tukatae. Utafiti uliotolewa mwaka 2018 juu ya kartie ya Kasulo ulionyesha kwamba watoto walikuwa na kobalti nyingi mwilini kuliko watu wazima. Mtoto anacheza chini, kiisha anatia mkono kinywani.

Sasa tunaomba hivi. Siku ya posho, kila kikundi cha likelemba kituletee hesabu ya watoto wa avenii yake wasiofikisha miaka 12. Mwenye metre ya kupimia aje nayo, tupime kiwanja, njia na mtaro. Kiisha tutaandika barua moja yenye hesabu hizo, na bei ya simenti na mbao za daraja. Tutaipeleka komine kwa kopi mbili: moja ibaki kule, moja irudi kwetu na kashe na tarehe. Barua isiyo na kashe ni rahisi kupotea.

Wanaosema kazi hii ni ya wanaume, waje pia, mtaro ni mrefu. Mkono mmoja haulei mwana. Na yule mtoto bado anangoja tumwambie aende wapi.