Shingo si Kidole: Tuwaambie Watoto Ukweli



Ndugu zetu wazazi na wanafunzi, mtoto akiinamia juzuu kwa muda mrefu hujinyoosha, akaalisha vidole, nasi walimu humkemea: “Acha, utapata baridi yabisi!” Tunaona kemeo hili lina kasoro, kwani si kweli.

Sauti ile si ya mifupa kusagana. Ndani ya kiungo mna ute, na kiungo kikivutwa ghafla hutokea uwazi wa hewa ndani ya ute huo. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walionyesha jambo hilo kwa picha. Daktari wa Marekani, Donald Unger, alialisha vidole vya mkono mmoja tu kwa miaka 50, na mwaka 1998 akaandika kuwa hakuona baridi yabisi katika mkono wowote. Ndani ya Swala wanachuoni wamelikirihisha jambo hili, lakini hilo ni kwa ajili ya khushuu, si kwa kuogopa maradhi.

Kwa nini tunalisema hili? Kwa sababu mtoto akigundua kuwa tulimtisha bure juu ya vidole, hatatusikia tukimwonya juu ya shingo. Na shingo si kidole.

Shingo ina pingili 7, na mishipa miwili ya damu hupita katika matundu ya pingili hizo kuelekea nyuma ya ubongo. Shingo ikipinduliwa kwa nguvu, ukuta wa ndani wa mshipa unaweza kuchanika, damu ikaganda, na donge lake likaleta kiharusi. Ni nadra sana, lakini huwapata hata vijana.

Basi shingo ikilia yenyewe unapogeuka kutoa salamu, usihofu. Tunachokikataa ni kushika kidevu na kisogo na kuipindua, kumwachia kinyozi afanye hivyo baada ya kunyoa, na wavulana kuvunjana shingo kwa mchezo.

Wapo watakaosema, “Mbona napata nafuu?” Ni kweli, ila nafuu hiyo haidumu, kwa sababu kilichoikaza shingo bado kipo: kuinama. Tuweke msahafu juu ya marfaa, tuinue simu usawa wa macho, na kila nusu saa tuwaache watoto wasimame na kugeuza shingo polepole. Hili ni jukumu letu walimu kabla ya kuwa lao.

Na yeyote atakayepata maumivu makali ya ghafla ya shingo au kichwa, kizunguzungu, kuona vitu viwili viwili, au ulimi kuwa mzito, apelekwe hospitali mara moja. Asikandwe shingo wala asisubiri kesho. Maumivu ya shingo yasiyokwisha, au ganzi mikononi, nayo yaonwe na daktari.

Mwili ni amana. Tuwafundishe watoto kuuhifadhi kwa elimu, si kwa vitisho.

Wabillaahi tawfiyq.