Kusuuza si Kuosha, Kukauka si Kukaushwa

Wapo wasemao kwamba Kiswahili hakina maneno ya kuielezea mashine ya kuoshea vyombo, kwa kuwa ilizaliwa ugenini. Ni kweli ilizaliwa huko: Josephine Cochrane alipata hataza ya mashine yake nchini Marekani mwaka 1886. Lakini kazi ifanywayo ndani yake ni kongwe kuliko hataza yoyote, na vitenzi vyake vimo vinywani mwetu. Tukivichanganya, mtumiaji ndiye apataye hasara.

Tuanze na kusuuza. Kuosha huhitaji sabuni. Kusuuza ni kuiondoa sabuni hiyo kwa maji safi. Mashine huitii tofauti hii. Humwaga maji machafu, huvuta mengine, na katika kusuuza kwa mwisho huyapasha moto, mara nyingi hadi nyuzi 60 za Selsiasi au zaidi. Hapo hutiwa dawa ya kusuuzia, ambayo hupunguza mvutano usoni mwa maji ili yatandae juu ya bilauri na kuteremka. Bila dawa hiyo maji husimama matone matone, nayo yakikauka huacha madoa ya chumvichumvi. Mfasiri akiandika "dawa ya kuoshea" mahali pa "dawa ya kusuuzia", msomaji mtiifu atatia sabuni mahali pasipo pake, na maji ya kusuuzia yatajaa povu.

Kisha kukauka. Katika mashine nyingi hakuna upepo wala moto unaovikausha vyombo. Sahani za kauri huwa zimehifadhi joto la maji ya mwisho. Joto hilo huyageuza maji yaliyobaki kuwa mvuke. Mvuke hugusa kuta za chuma cha pua zilizopoa, hurudi kuwa maji, na kutiririka chini. Vyombo vinakauka vyenyewe. Plastiki, isiyohifadhi joto jingi, hutoka na majimaji. Anayesoma "Kausha" kwenye kitufe atadhani mashine imeharibika. Anayesoma "Kukauka" atajua kwamba kazi hiyo ni ya vyombo na subira. Kauli ya kutendesha tuwaachie wenye mashine za feni au kikanza, maana hizo hukausha kweli.

Atakayepinga atasema kitufe si ubeti. Namjibu kwamba kitufe ni kifinyu kuliko mshororo: kina nafasi ya neno moja, na neno hilo likikosea halina jirani wa kulisahihisha. Aliyezoea kupima mizani na kuzipambanua kauli za vitenzi ndiye anayefaa kazi hii. Washairi wenzangu, vijitabu vya maelekezo vinapotafutiwa wafasiri, tusione haya kujitokeza.