Mchagua Jembe si Mkulima

Katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, Yusuf Dikeç wa Uturuki alilenga shabaha kwa bastola ya upepo, umbali wa mita 10, akiwa na miwani yake ya kawaida. Wengi wa washindani wenziwe walivaa lenzi maalumu na kufunika jicho moja. Yeye na Şevval İlayda Tarhan walitwaa medali ya fedha.

Walimwengu walistaajabia miwani. Sisi twastaajabia miaka 16, kwani alianza Olimpiki mwaka 2008.

Hatudharau zana, bastola mbovu humwangusha hata bingwa. Lakini kiongozi wa michezo aagizaye vifaa kabla ya kuuliza habari za mazoezi anapoteza fedha za umma. Kila ombi la vifaa na liandamane na daftari la mazoezi. Mkono uliotulia hauuzwi dukani.